Sura ya Nne: Akili ya Kijamii ya Wakuu wa Shule na Ubora wa Huduma za Shule katika Sandoa

Akili ya kijamii ni uwezo wa mtu kuwasoma watu wenzake, kutambua yanayowasukuma hata wasipoyatamka, na kuenenda nao kwa busara hadi shughuli inayowahusu wote isonge mbele. Dhana hii iliingia katika maandishi ya saikolojia mwaka 1920, pale Edward Thorndike, mwanasaikolojia wa Marekani, alipotofautisha akili ya dhana, inayoshughulika na mawazo na alama, akili ya ufundi, inayoshughulika na vitu na mitambo, na akili ya kijamii, inayoshughulika na binadamu. Katika maelezo yake alitoa mfano ambao haujachuja hadi leo, kwamba fundi bora kuliko wote kiwandani anaweza kushindwa kazi akifanywa msimamizi, kwa kukosa akili hiyo ya tatu. Mashine haina kinyongo wala haya, ilhali wafanyakazi wanavyo vyote viwili. Mfano huo unawafaa wakuu wa shule za Kongo kana kwamba uliandikwa kwa ajili yao, kwa kuwa mwalimu aliyefundisha vizuri darasa la sita kwa miaka mingi huondolewa ubaoni siku moja na kukabidhiwa, badala ya somo, walimu kumi na wawili na wazazi mia kadhaa.

Baada ya Thorndike dhana hii ilipita mikononi mwa wengi. Howard Gardner aliiweka mwaka 1983 miongoni mwa akili zake nyingi, Peter Salovey na John Mayer waliandika mwaka 1990 juu ya akili ya hisia, ambayo ni jirani yake wa karibu, na Daniel Goleman ndiye aliyeifikisha kwa wasomaji wa kawaida. Kwa matumizi ya sura hii kinachofaa zaidi ni kipimo kilichotungwa Norwe na David Silvera na wenzake mwaka 2001, kiitwacho Kipimo cha Tromsø, kwa sababu kinaigawa akili ya kijamii katika sehemu tatu zinazoonekana kwa macho: kuchakata taarifa za kijamii, yaani kukisia kwa usahihi mwenzako anahisi nini na atajibu vipi, stadi za kijamii, yaani kuingia kwa wepesi katika mahusiano mapya, na utambuzi wa kijamii, yaani kutoshtushwa na yale watu wanayoyafanya, kwa sababu dalili zake zilionekana mapema. Sehemu ya tatu husahaulika mara nyingi, nayo ndiyo inayowagharimu wakuu wengi wa shule: mgomo wa walimu, ugomvi wa kamati ya wazazi au uvumi kuhusu pesa haviji bila dalili, lakini mkuu hushangaa kama aliyeamshwa usingizini.

Ubora wa huduma nao unahitaji kufafanuliwa. Watafiti watatu wa Marekani, Parasuraman, Zeithaml na Berry, walipendekeza mwaka 1988 kwamba ubora upimwe kwa pengo lililopo kati ya alichotarajia mhudumiwa na alichokipata, wakataja nyanja tano: vitu vinavyoonekana, kama majengo na vifaa, kutegemeka, yaani kutimiza lililoahidiwa, wepesi wa kuitikia, uhakika, yaani ujuzi na adabu vinavyomfanya mtu amwamini mhudumu, na kumjali kila mmoja kwa hali yake. Kipimo hicho kilizaliwa miongoni mwa mabenki na mafundi wa matengenezo, na kukihamishia shuleni bila tahadhari ni kumgeuza mtoto kuwa mteja, jambo ambalo halikubaliki, maana mteja hupewa anachotaka na mwanafunzi hupewa hata asichokitaka, kama mitihani. Hata hivyo, nyanja hizo tano zina faida moja kubwa kwa mtu anayeitazama Sandoa: kati yake ni moja tu, ile ya vitu vinavyoonekana, inayotegemea moja kwa moja fedha ambazo mkuu wa shule hana. Nyingine nne hupitia kwa watu.

Sandoa ni mojawapo ya teritwari tano za mkoa wa Lualaba, mkoa uliozaliwa mwaka 2015 Katanga ilipogawanywa, makao yake makuu yakiwa Kolwezi. Pamoja na Dilolo na Kapanga, Sandoa inafanya upande wa magharibi wa mkoa, nchi ya Walunda na Wachokwe, ambako Uruund na Kichokwe husemwa nyumbani, Kiswahili husemwa sokoni na barabarani, na Kifaransa hutawala ubao na daftari. Msomaji wa mbali anaposikia Lualaba hufikiria shaba na kobalti, na hakosei, kwa kuwa Kongo hutoa zaidi ya theluthi mbili ya kobalti ya dunia na sehemu kubwa yake hutoka katika migodi iliyozunguka Kolwezi. Ila utajiri huo una mipaka yake ya kisheria. Sheria ya madini ya 2002, kama ilivyorekebishwa Machi 2018, hugawa mrabaha wa madini kwa asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa mkoa, 15 kwa eneo la utawala ambamo mgodi umo, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Na mchango wa asilimia 0.3 ya mauzo ya kampuni huenda kwa jamii zinazoguswa na mgodi wenyewe. Shule iliyo mbali na shimo la mgodi haimo katika mafungu mawili yaliyo karibu na wananchi, lile la asilimia 15 na lile la asilimia 0.3. Husubiri kile ambacho mkoa utapenda kukituma, kikipita barabara ya udongo ambayo mvua za Novemba hadi Aprili huikatakata.

Ili kuelewa kwa nini akili ya kijamii ni chombo cha kazi kwa mkuu wa shule wa Sandoa, ni lazima kwanza kuona jinsi mamlaka yake yalivyo membamba. Mwishoni mwa 1974 serikali ya Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, ilizitaifisha shule za makanisa. Tarehe 26 Februari 1977, baada ya kuona kwamba haiwezi kuziendesha, ilitia sahihi mkataba na makanisa, Katoliki, Kiprotestanti na Kikimbangu, wa kuzirudishia usimamizi huku serikali ikibaki kuwa mlipaji na mwenye mitaala. Shule za namna hii huitwa shule za mkataba, nazo ndizo nyingi nchini, Sandoa ikiwemo, ambako Wakatoliki na Wamethodisti wana mizizi mirefu. Matokeo yake ni kwamba mkuu wa shule, ambaye katika msingi huitwa direkta na katika sekondari prefe, huwa chini ya mabwana kadhaa kwa wakati mmoja. Mratibu wa kanisa humpendekeza na anaweza kumhamisha. Mkaguzi wa serikali humkagua. Idara ya malipo iliyo mbali huamua nani yumo katika orodha ya mshahara na nani hayumo. Kamati ya wazazi, COPA, humdai maelezo. Chifu wa mahali ndiye aliyeitoa ardhi na anaweza kuikumbusha shule jambo hilo. Direkta hawezi kumpandisha mwalimu mshahara, hawezi kumfukuza kwa urahisi, hawezi kujenga choo bila kuomba. Kinachobaki mikononi mwake ni namna ya kuzungumza, kusikiliza, kupanga na kuahidi.

Mshahara ndio mahali pa kwanza ambapo tofauti kati ya mkuu na mkuu huonekana. Tangu 2011, serikali ilipoanza kulipa watumishi wake kupitia mabenki, walimu wa vijijini, ambako hakuna tawi la benki, wamelazimika kusafiri hadi kituo cha malipo, kwa baiskeli au kwa pikipiki ya kukodi, na kungoja huko siku ambazo hakuna azijuaye mapema. Mkuu asiyetambua mambo huiona shule ikibaki tupu siku tatu kila mwezi, kisha huandika barua za onyo. Mwingine, mwenye walimu wale wale na barabara ile ile, hukaa nao wiki moja kabla, wakakubaliana nani aende kwanza na nani abaki, darasa la tatu likaunganishwa na la nne kwa somo linalofanana, na mwalimu mwenye mgonjwa nyumbani akatangulia. Hakuna faranka iliyoongezeka katika mpango huo, lakini kwa lugha ya nyanja tano shule ya pili imepanda katika kutegemeka: mzazi aliyemtuma mtoto asubuhi alijua atafundishwa.

Zaidi ya hao wanaolipwa kuna wale wanaojulikana kote nchini kwa herufi mbili, NP, yaani walimu waliosajiliwa lakini ambao mshahara haujawafikia. Katika chumba kimoja cha walimu huketi mtu anayepokea mshahara na mtu anayefundisha saa zile zile bila kitu, wote wakitazamana. Hakuna ustadi wa mazungumzo utakaoondoa dhuluma hiyo, na ni vyema isemwe wazi, kwa sababu baadhi ya semina za uongozi huacha ionekane kana kwamba mkuu akitabasamu ipasavyo njaa ya mwalimu itapungua. Anachoweza mkuu ni kidogo lakini si bure: kuhakikisha faili la mwalimu huyo limekamilika na limefika linakotakiwa, kumweleza ukweli kuhusu lilipokwama badala ya kumlisha matumaini, kumpa ratiba inayomwachia asubuhi mbili za shamba la mihogo, na kutomruhusu mwenzake anayelipwa amsemeshe kama kibarua. Mambo hayo manne yote ni akili ya kijamii, na mwalimu wa NP anayetendewa hivyo hubaki darasani mwaka wa pili, jambo ambalo wazazi hulihesabu kuwa ubora wa shule bila kujua chanzo chake.

Uhusiano na wazazi una historia ya uchungu zaidi. Serikali ya Mobutu ilipoacha kulipa walimu mwanzoni mwa miaka ya 1990, wazazi, kwa makubaliano na maaskofu Wakatoliki, walianza kuchanga malipo ya motisha ili shule zisifungwe. Mpango wa dharura ukageuka kuwa mfumo, na kwa zaidi ya robo karne mtoto wa Kongo alijifunza kusoma kwa pesa ya mama yake, huku sehemu ya pesa hiyo ikipanda ngazi hadi ofisi za juu. Katiba ya 2006, katika ibara ya 43, ilitamka kwamba elimu ya msingi katika shule za umma ni ya lazima na ya bure, sheria ya elimu ya Februari 2014 ikalirudia, lakini ni Septemba 2019 tu ambapo serikali ya Rais Félix Tshisekedi ilianza kulitekeleza kote nchini. Mamilioni ya watoto waliingia au kurudi madarasani, dawati la wawili likakaliwa na wanne, na wakuu wa shule wakajikuta hawana tena ile pesa ndogo iliyokuwa ikinunua chaki na kuziba bati, kwa kuwa fedha za uendeshaji kutoka serikalini zilichelewa au zilikuja pungufu.

Hapo ndipo neno la mkuu lilipopata uzito mpya. Mzazi aliyesikia redioni kwamba shule ni bure, kisha akaletewa na mtoto wake ujumbe wa kuchangia bati, huamini ameibiwa. Direkta mwenye akili ya kijamii hamtumi mtoto kuwa mjumbe wa pesa. Huitisha mkutano wa COPA siku isiyo ya soko, huketi kwenye benchi la wanafunzi kama wengine badala ya nyuma ya meza, huanza kwa kueleza kile ambacho serikali imelipa na kile ambacho haikulipa, tarakimu kwa tarakimu, kwa Kiswahili na kisha kwa lugha ya nyumbani, halafu hunyamaza. Kunyamaza huko ni sehemu ngumu ya kazi, kwa kuwa mama wa mwisho nyuma, ambaye hajawahi kusema mkutanoni, hungoja kwanza kuona kama swali la mwanzo lilijibiwa au lilikaripiwa. Mara nyingi mkutano wa namna hiyo humalizika kwa wazazi kuahidi nyasi, miti na siku mbili za nguvu zao badala ya pesa, na ahadi ya namna hiyo hutimizwa kwa sababu waliitoa wenyewe.

Sekondari hali ni tofauti, kwani huko ada bado ipo na kufukuza watoto kwa ajili ya ada bado ni desturi. Kila mzazi wa Lualaba anajua asubuhi ile majina yanaposomwa mbele ya bendera na waliotajwa wakageuka kurudi nyumbani. Prefe anaweza kujitetea kwamba bila ada walimu hawatafundisha, na utetezi huo una ukweli ndani yake. Lakini kusoma majina hadharani si sharti la kukusanya ada. Kumwita mzazi, kupanga naye malipo ya baada ya mavuno, na kumwacha mtoto darasani ni njia yenye usumbufu zaidi lakini yenye aibu ndogo, nayo huleta pesa ile ile, pengine kwa kuchelewa.

Upo pia upande wa mila, ambao vitabu vya uongozi vilivyoandikwa Ulaya haviugusi. Mukanda, jando la Wachokwe na Walunda, huwachukua wavulana kwenye kambi ya porini wakati wa kiangazi, na kiangazi cha Sandoa huanza Mei, wakati mwaka wa shule unakwisha baada ya mitihani ya Juni, ukiwemo mtihani wa kitaifa wa kumaliza shule ya msingi, ENAFEP. Mkuu aliyetumwa kutoka Kolwezi au Likasi, asiyeijua nchi, anaweza kukuta nusu ya wavulana wa darasa la sita hawapo, akawaandika watoro na kuwalaumu wazee kwa ujinga. Mwenye busara huenda kwa chifu na kwa wasimamizi wa mukanda mapema, Februari au Machi, si kuomba mila ifutwe bali kuomba kambi ifunguliwe mitihani ikishakwisha, ili miezi miwili ya likizo kubwa iwatoshe wote. Mazungumzo hayo yana adabu zake: haendi mikono mitupu, haendi peke yake, haendi kama ofisa. Katika sehemu nyingi jando limekwisha kufupishwa ili liingie ndani ya likizo, na ufupisho huo haukuletwa na amri bali na mazungumzo ya namna hii, yaliyofanywa na watu ambao majina yao hayamo katika ripoti yoyote.

Kolwezi yenyewe huwapa wakuu wa shule tatizo jingine, la uhusiano kati ya wenyeji na wageni, lenye mizizi katika historia ya migodi. Enzi ya Gécamines, iliyorithi migodi ya Union Minière mwaka 1967, kampuni ilikuwa na shule zake, hospitali zake na unga wake, na mkuu wa shule ya kampuni hakuwa na haja ya kubembeleza mtu. Kampuni ilipoporomoka miaka ya 1990 shule hizo zilibaki na kuta. Katika miaka ile ile, 1992 na 1993, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga kwa mamia ya maelfu, wakiwemo walimu wengi, na madarasa ya Likasi na Kolwezi yalipoteza kwa wiki chache walimu waliochukua miaka mingi kupatikana. Leo wageni kutoka Kasai wanakuja tena kutafuta kazi migodini, watoto wao hukaa dawati moja na watoto wa wenyeji, na matamshi ya Kiswahili chao hutosha kuwatambulisha. Neno moja la mzaha la mkuu wa shule kuhusu kabila, hata likichekwa na wote, hubaki. Na ukimya wake mzaha huo unapotoka kwa mwalimu hueleweka kuwa kibali.

Utafiti mmoja wa Marekani unasaidia kueleza kwa nini mambo madogo kama haya hugusa hata kusoma na kuhesabu. Anthony Bryk na Barbara Schneider, katika kitabu walichokitoa mwaka 2002 kuhusu shule za msingi za Chicago, walionyesha kwamba shule ambamo watu wazima waliaminiana zilikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kupandisha matokeo ya wanafunzi kuliko zile ambamo hawakuaminiana, na wakaijenga imani hiyo juu ya nguzo nne: heshima, umahiri, kumjali mwenzako kuliko mkataba unavyodai, na uadilifu. Nguzo ya mwisho ina mfano wa karibu zaidi kuliko Chicago. Nchini Uganda, Ritva Reinikka na Jakob Svensson waligundua kwamba kati ya 1991 na 1995 ni takriban asilimia 13 tu ya ruzuku ya shule za msingi iliyofika shuleni. Serikali ilipoanza kuchapisha kiasi kilichotumwa magazetini na kutaka kibandikwe milangoni mwa shule, sehemu iliyofika iliongezeka sana. Karatasi iliyobandikwa mlangoni ni tendo la kijamii kuliko la kihasibu, kwa sababu humwondolea mzazi fedheha ya kuuliza.

Lakini dhana hii ina upande wa giza, na vitabu vingi vya uongozi hupita juu yake haraka. Mtu anayejua kuwasoma watu anaweza kuwatumia. Yuko mkuu wa shule anayempokea mkaguzi kwa kuku na bukari, yaani ugali, anayempigia mratibu simu kila sikukuu, anayejua jina la kila mjumbe wa COPA na la mke wake, na ambaye wanafunzi wake wa darasa la tano hawawezi kusoma sentensi moja. Kwa kipimo cha Tromsø angepata alama za juu katika sehemu zote tatu, kwa kuwa kipimo hicho huuliza mtu anajionaje na hakiulizi anatumia uwezo wake kwa faida ya nani. Thorndike alitaja kutenda kwa busara, si kupendwa, na tofauti hiyo ndiyo mpaka: akili ya kijamii ya mkuu wa shule inapaswa kutafutwa kwa wale ambao hawana cha kumpa.

Kwa hiyo hojaji anayojaza mkuu mwenyewe ni ushahidi dhaifu, na hojaji wanayojaza walimu wake mbele yake ni dhaifu zaidi. Anayetaka kujua ubora wa huduma ya shule ya Sandoa angefanya vyema kuanzia kwa mlinzi, kwa mwalimu wa NP, kwa mama wa mtoto anayerudia darasa, na kwa msichana wa darasa la sita anayeweza kusema kama choo cha wasichana kina mlango. Maswali yake yawe ya mambo yaliyotendeka: mara ya mwisho ulipokuja na shida ulingoja kwa muda gani, nani alikujibu, na jibu hilo lilitimia? Uteuzi wa wakuu nao ungeweza kufuata njia hiyo, kwa kumpa mwalimu anayetarajiwa kupandishwa mwaka mmoja wa kuendesha jambo lenye watu wenye mivutano, kama vile kamati ya usimamizi au ujenzi wa darasa kwa nguvu za wazazi, kabla ya kumkabidhi muhuri.

Makabidhiano yenyewe yana pengo la ajabu. Mkuu anapohamishwa huandikwa orodha ya mihuri, rejesta, madawati na vitabu, ikatiwa sahihi na pande mbili; lakini makubaliano na chifu kuhusu mukanda, jina la mfanyabiashara anayekubali kubeba saruji kwenye lori lake, mzazi ambaye wengine humfuata, na mwalimu aliyeahidiwa asubuhi zake mbili za shamba havimo katika orodha, na mkuu mpya huvivunja vyote ndani ya muhula mmoja bila kukusudia. Wiki moja ya mwisho wa Agosti, anayeondoka akimpitisha anayeingia nyumba kwa nyumba, ingetosha kuokoa sehemu kubwa ya urithi huo kwa gharama ya mafuta ya pikipiki. Ila uhamisho ukitangazwa Septemba, masomo yakiwa yameshaanza, wiki hiyo haipatikani.